Henry Dakin: Mkemia aliyejua dawa za kuchanganywa na za kutenganishwa

WAGONJWA wengi wanaoketi kwenye kiti cha daktari wa meno ili mzizi wa jino lililooza usafishwe hunusa harufu wanayoifahamu tangu utotoni: harufu ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe.

Pua zao haziwadanganyi. Dawa inayopitishwa kwa sindano nyembamba hadi ndani ya mfereji wa mzizi ni sodiamu haipokloraiti, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika chupa za Jik zinazouzwa madukani. Huua viini na kuyeyusha mabaki ya nyama iliyokufa ndani ya jino, kazi mbili ambazo dawa nyingine chache huweza kuzifanya kwa pamoja.

Mtu aliyeifanya dawa hiyo istahili kugusa mwili wa binadamu ni Henry Drysdale Dakin, mkemia Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1880 na kufariki mwaka wa 1952. Si yeye aliyeivumbua. Mfaransa Claude Berthollet alikuwa ameitengeneza dawa ya jamii hiyo jijini Paris mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya viwanda vya nguo, naye mfamasia Antoine Labarraque akaitumia katika miaka ya 1820 kuondoa uvundo na kusafishia vidonda.

Alilolifanya Dakin ni jambo dogo kwa kulitazama, lakini zito kwa matokeo yake. Alipima dawa hiyo ichanganywe na nini, kwa kiasi gani na kwa utaratibu upi, na akaeleza kinachoiharibu. Somo hilo liliokoa viungo na maisha ya wanajeshi wengi katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Leo hii bado linahitajika katika kliniki za meno, ambako dawa mbili nzuri zikikutana vibaya huweza kumwachia mgonjwa hasara.

MWANAFUNZI WA LEEDS

Dakin alizaliwa London mnamo Machi 12, 1880, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto wanane. Alikulia Leeds, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, ambako familia yake ilihamia.

Kabla ya kuingia chuoni, kijana huyo alifanya kazi chini ya mkemia wa mji wa Leeds, afisa aliyekuwa na jukumu la kupima vitu vilivyouzwa kwa umma na kugundua udanganyifu. Kazi ya aina hiyo haina sifa wala makofi. Humfunza mtu kutoridhika na maandishi yaliyobandikwa kwenye chupa, bali kupima mwenyewe kilichomo ndani yake. Tabia hiyo haikumwacha Dakin maishani mwake.

Baadaye alijiunga na Chuo cha Yorkshire, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Leeds, na kufunzwa na Julius Cohen, mwalimu ambaye urafiki wao ulidumu miaka mingi. Alihitimu mwaka wa 1901.

Kutoka hapo alielekea Heidelberg, Ujerumani, kufanya utafiti pamoja na Albrecht Kossel, mtaalamu wa kemia ya mwili ambaye angetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1910. Mwaka wa 1904 wawili hao waligundua arjinesi, kimeng'enya cha ini kinachoshiriki katika kutengeneza urea, uchafu ambao mwili huutoa kupitia mkojo.

Alipofikisha umri wa miaka 25, Dakin alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza duniani kutengeneza adrenalini katika maabara, bila kutegemea tezi za wanyama.

MAABARA NDANI YA NYUMBA

Mwaka wa 1905 alivuka bahari na kwenda New York kwa mwaliko wa Dkt Christian Herter, daktari tajiri aliyekuwa amejenga maabara ndani ya nyumba yake katika barabara ya Madison Avenue. Ilikuwa ajira isiyo ya kawaida. Hakukuwa na wanafunzi wa kufundisha wala kamati za kuhudhuria. Palikuwa na chupa, mizani na maswali.

Mazingira hayo yalimfaa sana. Dakin alikuwa mtu mwenye haya, aliyeikwepa mikutano mikubwa na kuona dhiki kusimama mbele ya umati. Katika utulivu wa nyumba ile alichunguza jinsi mwili unavyochoma mafuta na protini, na mwaka wa 1909 akaeleza badiliko la kikemia ambalo hadi leo wanafunzi wa vyuo vikuu hulisoma kwa jina lake.

Herter alifariki mwaka wa 1910 akiwa bado katika umri wa makamo. Dakin aliendelea kuiendesha maabara ile kwa idhini ya mjane wake, Susan, na mwaka wa 1916 wawili hao wakafunga ndoa.

VIDONDA VYA VITA

Vita vilipolipuka Ulaya mwezi wa Agosti 1914, Dakin alijitolea kuitumikia nchi alikozaliwa. Hakuwa daktari wala mwanajeshi. Alichokuwa nacho ni kemia, na wakati huo kemia ilihitajika kuliko wengi walivyotambua.

Mapigano yalipiganwa katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji yaliyokuwa yamewekwa samadi kwa karne nyingi. Kipande cha kombora kilipoingia mwilini kilibeba udongo, matambara ya sare na viini vya pepopunda na vya gangrini, ule ugonjwa unaoozesha nyama na kuijaza hewa. Askari aliyenusurika risasi aliweza kufa kwa usaha siku chache baadaye. Penisilini haikuwepo, ingewafikia wagonjwa miaka ya 1940.

Madaktari walikuwa na dawa za kuua viini, lakini kila moja ilikuwa na kasoro. Asidi ya kaboliki, aliyoieneza Joseph Lister kuanzia mwaka wa 1867, iliua viini na nyama hai bila kubagua. Chumvi ya zebaki iliungana na protini za damu na usaha, ikaishia hapo kabla ya kuvifikia viini vilivyojificha ndani.

Dakin aliungana na Alexis Carrel, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1912 kwa ufundi wake wa kushona mishipa ya damu. Mwaka wa 1915 Carrel alifungua hospitali ya kijeshi katika hoteli moja mjini Compiègne, Ufaransa, karibu na uwanja wa mapambano, kwa ufadhili wa Wakfu wa Rockefeller.

Dakin alipima zaidi ya dawa 200. Kwa desturi dawa hizo zilijaribiwa ndani ya maji safi, ambamo karibu zote zilionekana kufanya vyema. Yeye alizijaribu pia zikiwa zimechanganyika na majimaji ya damu, kwa sababu hicho ndicho kinachopatikana ndani ya kidonda. Nyingi zilipoteza nguvu papo hapo. Swali lake halikuwa tu kama dawa inaua viini, bali inafanya nini inapokutana na kitu kingine.

GRAMU 40 ZA ASIDI

Haipokloraiti ilijitokeza kuwa bora, ila ile iliyouzwa madukani haikufaa. Nguvu yake ilitofautiana kati ya chupa na chupa, na ilikuwa na alkali nyingi iliyochoma nyama. Wakati huo huo, kuiondoa alkali yote kungeifanya dawa ivunjike upesi. Palihitajika mizani ya katikati.

Suluhu yake ilichapishwa katika jarida la madaktari la British Medical Journal mwezi wa Agosti 1915. Gramu 140 za magadi makavu ziliyeyushwa katika lita 10 za maji, kisha zikaongezwa gramu 200 za unga wa klorini, ule uliotumiwa kung'arishia vitambaa. Mchanganyiko ulitikiswa na kuachwa kwa muda wa nusu saa, chokaa ikatuama chini kama unga mweupe, na maji ya juu yakachujwa kupitia pamba. Hatimaye ziliwekwa gramu 40 za asidi ya boriki.

Siri ilikuwa katika asidi hiyo ya mwisho. Asidi ya boriki ni dhaifu mno. Ilipunguza ukali wa alkali bila kuivunja dawa, na baada ya hapo ikabaki ndani ya maji kama mlinzi wa mizani, ikizuia uchachu na ukali visipande wala kushuka ghafla. Iliongezwa baada ya kuchuja, si kabla. Utaratibu wa kuchanganya ulikuwa sehemu ya dawa yenyewe.

Lau mtu angetumia asidi kali badala yake, chupa ingetoa gesi ya klorini. Wasomaji wa mwaka ule hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Mnamo Aprili 22, 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilikuwa limefungulia gesi hiyo hiyo ielekee mahandaki ya adui, na wanajeshi wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Kitu kimoja, kikichanganywa kwa namna moja, kilikuwa silaha. Kikichanganywa kwa namna nyingine, kilisafisha vidonda vya waliosalimika.

Nguvu ya dawa ya Dakin ilikuwa takriban asilimia 0.5. Chini kidogo ya hapo ilikuwa hafifu, na juu yake ilianza kuwasha ngozi. Maurice Daufresne, mkemia aliyefanya kazi na Carrel, baadaye alirekebisha namna ya kuitengeneza kwa kutumia baikaboneti badala ya asidi ya boriki, lakini kipimo cha nguvu kilibaki pale pale.

DAWA INAYOJIMALIZA

Jambo la pili alilolibaini Dakin lilikuwa gumu zaidi kwa madaktari kulikubali. Dawa hii hufanya kazi kwa kujimaliza. Klorini yake huungana na naitrojeni iliyo ndani ya protini, na katika muungano huo huzaliwa vitu viitwavyo kloramini, ambavyo navyo huua viini. Kila tone linapogusa usaha, nyama iliyokufa au kiini, nguvu yake huondoka.

Kwa hiyo kumwaga dawa mara moja na kufunga bandeji hakukuwa na faida kubwa. Carrel aliunda mfumo wa mipira myembamba yenye vitundu, ikaingizwa hadi pembe za ndani kabisa za kidonda, na dawa mpya ikapitishwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kabla ya hapo, daktari alipaswa kukipanua kidonda na kukata nyama yote iliyokufa. Viini vilihesabiwa kwa hadubini, na kidonda kilishonwa hesabu iliposhuka.

Si wote walioshawishika. Sir Almroth Wright, mtaalamu mashuhuri wa viini kutoka Uingereza, alipinga matumizi ya dawa hizo vidondani na kupendelea maji ya chumvi nyingi. Ubishi ulikuwa mkali na ulidumu katika muda wote wa vita.

Aidha, baadhi ya madaktari walijaribu dawa hiyo na kutangaza kwamba haifai. Mara nyingi kosa halikuwa la dawa. Ilikuwa imetengenezwa bila kupimwa, imekaa kwa wiki kadhaa, imeachwa kwenye mwanga au imemwagwa mara moja tu kwa siku. Dakin na wenzake walilazimika kusisitiza kuwa maji hayo yakipoteza kipimo chake si dawa tena.

Mwaka huo huo wa 1915 alisafiri katika meli ya Aquitania iliyowabeba majeruhi wa vita vya Gallipoli, nchini Uturuki. Ndani ya meli hiyo alipitisha umeme katika maji ya bahari ili kutengeneza haipokloraiti ya kusafishia wodi. Chumvi ya bahari iligeuzwa dawa humo humo melini, bila ya haja ya kusubiri shehena kutoka nchi kavu.

MAFUTA YALIYOSHIBISHWA KLORINI

Baada ya kuona kwamba kloramini zenyewe zina nguvu ya kuua viini, Dakin alishirikiana na mwalimu wake wa zamani, Cohen, kutengeneza zile zinazodumu. Waliyoipata ilijulikana kama kloramini-T. Nyingine, daikloramini-T, ilifaa zaidi kwa kuwekwa ndani ya mafuta ili itoe nguvu yake polepole.

Hapo tatizo la michanganyiko lilirejea. Mafuta ya kawaida yalikula klorini ya dawa hiyo na kuiacha bila kazi. Dakin hakuitupa dawa wala mafuta. Aliyashibisha mafuta kwa klorini kwanza, hata yakawa hayana tena nafasi ya kuichukua, ndipo akaiyeyusha dawa ndani yake. Mafuta yaliyoshiba hayakuwa na sababu ya kumnyang'anya mgeni wake.

Mnamo 1917, akiwa na Mmarekani Edward Dunham, alitoa halazoni, tembe ya kusafishia maji ya kunywa ndani ya chupa ya askari. Halazoni ikiwa peke yake huyeyuka kwa shida majini, hivyo tembe ilitengenezwa pamoja na magadi ili iyeyuke upesi. Wawili hao waliandika pia kitabu cha mwongozo kuhusu dawa za kuua viini, na mwaka huo huo Dakin akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

KUTOKA KIDONDA HADI JINO

Habari za maji ya Dakin ziliwafikia madaktari wa meno wa Marekani mapema. Wakati huo taaluma yao ilikuwa katika msukosuko. Ilikuwa imeenea dhana kwamba mzizi wa jino uliooza husambaza sumu mwilini na kuleta maradhi ya moyo, viungo na figo, na meno mengi ambayo yangeweza kuokolewa yaling'olewa kwa hofu hiyo. Aliyetaka kuliacha jino mahali pake alihitaji dawa ya kuthibitisha kwamba mzizi unaweza kusafishika.

Jino lililooza hadi ndani lina ufanano mkubwa na kidonda cha Compiègne. Katikati ya mzizi pana mfereji mwembamba kama uzi, ambamo hukaa mishipa ya fahamu na ya damu. Ikishakufa, damu haifiki tena humo, na kinga za mwili hazina njia ya kuingia. Nyama iliyokufa hubaki kuwa chakula cha viini, nao huteremka hadi ncha ya mzizi na kusababisha jipu kwenye mfupa wa taya.

Kufikia mwaka wa 1917, dawa ya Dakin ilikuwa inapendekezwa katika maandishi ya madaktari wa meno. Mnamo 1919, Edgar Coolidge wa Chicago aliandika kuhusu kusafisha mifereji ya mizizi kwa haipokloraiti. Mwaka wa 1936, Alfred Walker wa New York alipendekeza itumiwe ikiwa na nguvu zaidi, na mwaka wa 1941 Louis Grossman wa Philadelphia na mwenzake walionyesha jinsi inavyoyeyusha nyama ya ndani ya jino.

Grossman pia ndiye aliyependekeza, mwaka wa 1943, haipokloraiti itumiwe kwa kupokezana na haidrojeni peroksaidi. Dawa hizo mbili zikikutana hutoa mapovu mengi ya oksijeni, na iliaminiwa kwamba mapovu hayo husukuma uchafu nje. Utaratibu huo ulifuatwa kwa miongo mingi.

Kemia, hata hivyo, ilikuwa na maelezo mengine. Mapovu yale ni ishara ya dawa mbili zinazouana. Kinachobaki baada ya povu kutulia ni maji na chumvi. Ndilo lile lile alilolisema Dakin kuhusu kidonda: nguvu iliyotumika hairudi, na mapovu yakizibwa ndani ya jino huleta maumivu.

MIAKA YA MWISHO

Vita vilipokwisha, Dakin alirejea katika utulivu wake. Yeye na mkewe walihamia Scarborough-on-Hudson, katika jimbo la New York, ambako alikuwa na maabara nyumbani. Mwaka wa 1918 alionyesha njia ya kutenganisha asidi amino za protini kwa kutumia alkoholi aina ya butili, njia iliyowasaidia watafiti wengi.

Hakukosa kukosea. Katika utafiti huo huo alitangaza asidi amino mpya ambayo watafiti waliofuata hawakuipata. Katika miaka ya 1920 na 1930 alifanya kazi na Dkt Randolph West kuhusu dondoo za ini zilizotumika kuwatibu wagonjwa wa upungufu hatari wa damu, maradhi ambayo zamani yaliua bila huruma.

Mwaka wa 1941, Royal Society ilimtunuku Nishani ya Davy, mojawapo ya heshima za juu katika kemia. Mkewe alifariki mwaka wa 1951, naye Dakin akamfuata mnamo Februari 10, 1952, akiwa na umri wa miaka 71.

Umaarufu wa dawa yake mara nyingi uliambatanishwa na jina la Carrel, aliyekuwa daktari mashuhuri na mzungumzaji. Dakin hakuonekana kujali. Kufikia wakati wa kifo chake, penisilini ilikuwa imechukua nafasi kubwa ya maji yake katika wodi za majeruhi, ingawa hadi leo bado hutumika kwa baadhi ya vidonda na majeraha ya moto.

CHUPA TATU MEZANI

Ilikuwa baada ya kifo chake ambapo swali la michanganyiko lilipata uzito mpya katika matibabu ya mizizi ya meno. Mwaka wa 1954 taarifa za klorheksidini, dawa ya kuua viini kutoka Uingereza, zilichapishwa. Mwaka wa 1957, Birger Nygaard-Østby wa Norway alianzisha matumizi ya EDTA, kemikali inayonyakua kalisi na hivyo kuondoa vumbi la jino linaloganda kwenye kuta za mfereji baada ya kuchongwa.

Daktari wa meno akawa na chupa tatu, na kila moja ina kazi ambayo nyingine haiwezi. Haipokloraiti huyeyusha nyama na kuua viini. EDTA huondoa tabaka la vumbi. Klorheksidini huendelea kuzuia viini kwa muda baada ya kuwekwa. Ni rahisi kudhani kwamba zikichanganywa pamoja, kazi zote tatu zitafanyika kwa mkupuo mmoja.

Mambo hayaendi hivyo. Haipokloraiti ikichanganywa na EDTA hupoteza klorini yake katika muda wa dakika chache. EDTA huendelea kunyakua kalisi kama kawaida, lakini mwenzake anakuwa amezimwa. Daktari anayeendelea kumimina mchanganyiko huo anadhani anaua viini, kumbe anasafisha vumbi tu.

Haipokloraiti na klorheksidini zina ugomvi unaoonekana kwa macho. Papo hapo hutokea mashapo mazito yenye rangi ya machungwa iliyokolea kuelekea kahawia. Mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliripoti kwamba ndani ya mashapo hayo mna parakloroanilini, kemikali yenye sumu. Watafiti wengine waliotumia njia tofauti za kupima hawakuipata, na ubishi ukaendelea.

Lisilobishaniwa ni kwamba mashapo hayo huziba vitundu vidogo vya jino, hulitia jino rangi, na ni magumu kuyaondoa. EDTA nayo ikikutana na klorheksidini hutoa unga mweupe unaobaki mferejini.

Zipo pia hatari zinazotokana na haipokloraiti yenyewe. Ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, huchoma nyama ya taya, na mgonjwa huvimba uso na kupata maumivu makali. Ikikutana na asidi, ikiwemo ile ya kusafishia vyoo majumbani, hutoa gesi ya klorini. Maji ya kung'arishia nguo yanayouzwa madukani hayakupimwa kwa ajili ya mwili, na hayafai kutiwa kinywani ili kutuliza jino.

Tiba ya ugomvi wa chupa hizo ni nyepesi na haihitaji mtambo wa gharama. Daktari hutumia haipokloraiti kwanza, mara nyingi na ikiwa mpya, kwa sababu inajimaliza kila inapogusa uchafu. Kisha huifyonza yote, husuuza kwa maji yaliyotakaswa au ya chumvi, na hukausha mfereji kwa vijiti vya karatasi. Hapo ndipo huleta dawa ya pili. Akihitaji ya tatu, husuuza na kukausha tena.

Mgonjwa aliyelala kitini akiwa amefumbua kinywa huenda akaona kwamba kazi inacheleweshwa bure na maji yanayopitishwa mara kwa mara kati ya dawa moja na nyingine. Dakika hizo chache ndizo zinazoamua kama dawa iliyofuata itafika kwenye viini au itaishia kupigana na ile iliyotangulia. Dakin, aliyeweka asidi yake ya boriki baada ya kuchuja wala si kabla, angelielewa sababu ya subira hiyo.